Kwihara, kwenye nyumba ya lakiri tano

Nina steshenari ndogo karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, huu mwaka wa kumi na moja. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga vyeti laminesheni, natengeneza mihuri ya vikundi na ya maduka. Ndiyo maana nilipoingia Tembe la Livingstone kule Kwihara, nyumba aliyokaa yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, Jumapili iliyopita, macho yangu yalitangulia kwenye karatasi. Mlango wa kuchonga niliuona, na ni mzuri kweli, lakini mimi ni mtu wa karatasi.

Nilikwenda na mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekuwa amepewa kazi ya historia. Tulipanda bodaboda mbili, tukafuata barabara ya Kipalapala, kisha vumbi na miembe mpaka mbele ya nyumba. Ni nyumba ya rangi nyekundu iliyoiva, paa bapa, kuta nene. Ukivuka kizingiti unaliacha jua nje kama unavyoacha viatu. Mzee aliyetupokea nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akaongeza "mwangaluka", kunipima kama najua kujibu. Nikajibu. Akaridhika, akatupa kitabu cha wageni tuandike majina.

Habari ya Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, mzee aliieleza kwa haraka, maana ndiyo kila mtu anayoijua. Alifika hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akakwama miezi mitatu kwa sababu mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya Ujiji imefungwa. Akazunguka kusini, akamkuta Livingstone Ujiji, na Februari 1872 wakarudi wote wawili katika nyumba hii. Mpwa wangu aliandika tarehe zote. Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenye fremu.

Zilizotundikwa ni nakala. Hilo nililijua kwa mbali: karatasi imenyooka kabisa, lakini katikati yake kuna mstari wa kijivu, kivuli cha mkunjo. Karatasi iliyokunjwa iko kwingine, iliyobaki ukutani ni picha ya mkunjo wake. Kila siku naona kitu hicho kwenye kioo cha mashine yangu, vyeti vya kuzaliwa vilivyokaa miaka thelathini vimekunjwa mara nne ndani ya Biblia au msahafu.

Nikamuuliza mzee, "Babu, hapa ndani Livingstone alikuwa anafanya nini siku nzima?"

"Anaandika," akasema. "Anaandika na kungoja."

Jibu hilo lilinifuata mpaka nyumbani, na jioni nikaanza kusoma. Niliyoyakuta ndiyo yamenifanya niandike leo.

Livingstone alikuwa na daftari kubwa, nene, lenye jalada gumu. Wataalamu wanaliita Jarida la Unyanyembe, kwa jina la huku kwetu. Linaanzia Januari 1866 na kuishia Machi 1872, na sehemu kubwa yake ni nakala: alichukua vijitabu na vipande vya karatasi alivyoandika njiani akavihamishia humo kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Nimewahi kunakili kwa mkono kitabu cha mahudhurio ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kurasa arobaini tu, na kidole cha kati kikaota sugu. Yeye alinakili miaka.

Stanley alipoondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872, Livingstone alimkabidhi daftari hilo alipeleke Uingereza. Alilifunga kwa lakiri, ile nta ya kufungia barua, mahali patano. Hakuwa na muhuri. Kwa hiyo akagandamiza lakiri ikiwa bado laini kwa alivyokuwa navyo: sarafu ya dhahabu ya Marekani, sarafu ya anna ya Kihindi, sarafu ya nusu anna, na kipande cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya ufalme. Akaandika kwamba lisifunguliwe kabisa. Mimi ninayetengeneza mihuri ili nipate unga wa watoto nilisoma hapo mara tatu. Watu huja dukani wakitaka muhuri mkubwa, wenye nyota, wenye duara mbili. Huyu alimaliza kazi kwa hela za mfukoni na rangi ya maji, na alama zikawa za kila namna, ngumu kughushi.

Lakini kilichonikamata zaidi ni kilichotangulia daftari hilo. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, Nyangwe, kwenye mto Lualaba, nchi ambayo leo ni Kongo. Karatasi ilimwishia, wino ukamwishia. Akachukua gazeti la zamani la Uingereza, akaligeuza ubavu, akaandika juu ya maandishi ya chapa, mistari yake ikikatiza mistari ya gazeti. Na wino akautengeneza mwenyewe kwa mmea alioutaja kuwa Zingifure.

Nilipoona jina hilo nilisimama. Zingifuri! Mzingifuri uko uani kwa jirani yetu, nyuma ya banda la kuku, yale matunda ya vinywele ambayo wasichana hupasua wakajipaka midomo.

Kwa wino huo, juu ya gazeti hilo, aliandika habari za tarehe 15 Julai 1871. Ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Wafanyabiashara wa utumwa walifyatulia bunduki umati uliokuwa sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Waliokimbilia mtoni walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi yenye habari hiyo ilipauka. Wino wa mmea haustahimili mwanga, na chapa ya gazeti chini yake ilibaki nyeusi kama siku ilipotoka, kwa hiyo maneno ya matangazo na siasa za London yakawa yanasomeka kuliko maneno ya mauaji. Yalikaa hivyo karibu miaka 140. Kisha wataalamu wakazipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya aina nyingi, mmoja baada ya mwingine, mingine hata jicho haliioni, wakatafuta ule ambao ndani yake chapa inafifia na wino unajitokeza. Mwaka 2011 wakaziweka mtandaoni, mtu yeyote azione bure. Nimezikuza kwenye simu yangu nikiwa kitandani. Mwandiko mdogo, umebanana, wa mtu anayejua karatasi haitoshi.

Na hapa ndipo pananiuma. Walioyalinganisha maandishi ya kwenye gazeti na yale ya kwenye daftari kubwa waliona kwamba hayalingani. Kwenye gazeti Livingstone alikuwa ameandika mambo mazito kuhusu mwenendo wa watu waliokuwa wametumwa kwake kutoka Zanzibar, watu wa msafara wake mwenyewe. Kwenye daftari, mambo hayo yamepunguzwa makali. Kitabu kilichokuja kusomwa na dunia kilifuata daftari.

Sisemi alikuwa mwongo. Habari za sokoni Nyangwe zilipofika Uingereza zilisaidia kusukuma serikali yao imbane Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Nasema tu kwamba mtu anapoketi kunakili, hata kama ni maneno yake mwenyewe, mkono hupita mahali fulani polepole na mahali fulani haraka. Najua kwa sababu ya baba.

Baba alifanya kazi maisha yake yote, na alipostaafu ofisi moja ilinakili jina lake kutoka faili la zamani kwenda faili jipya. Jina lina L. Aliyenakili aliandika R, maana herufi hizo mbili wengi wetu huzichanganya. Herufi moja. Mafao yalikwama miaka miwili. Kila dirisha aliambiwa lete asili, na asili ilikuwa kwenye faili ambalo halionekani. Mama alikuwa akifunga michembe kwenye kitambaa baba ale njiani, maana foleni ilikuwa ya kutwa. Baba alipata haki yake mwishoni, akiwa ameshachoka, na hakuifaidi muda mrefu. Nilifungua steshenari mwaka uliofuata. Mteja akiniletea cheti nakili, nasoma jina kwa sauti, herufi kwa herufi, hata kama foleni imefika barabarani.

Nimkumbuke na Jacob Wainwright. Baada ya Stanley kufika pwani alituma watu 57 waje kumchukua Livingstone, nao wakafika Agosti 1872; Livingstone alikuwa amewangoja miezi mitano ndani ya kuta zile. Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa India, alikuwa mmoja wao. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake Susi na Chuma waliwaita wenzao wote washuhudie masanduku yakifunguliwa, na Wainwright akaandika orodha ya kila kilichomo. Kisha wakaubeba mwili, na karatasi zote pamoja nao. Oktoba walipita tena Unyanyembe. Huko walikuta ofisa wa Kiingereza aliyewashauri wamzike hapahapa, wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Daftari la mwisho lilifika kwa sababu watu wale walijua thamani ya karatasi.

Jana nilimwomba jirani matunda matatu ya mzingifuri. Mpwa wangu alipasua, mimi nikakwangua mbegu kwenye bakuli. Zina utando mwekundu unaonata kama nta, hautoki kwa maji baridi. Nikamwagia maji ya moto, nikaponda kwa mgongo wa kijiko, nikachuja kwa kipande cha kanga. Ikatoka rangi ya tofali, nzito kidogo, yenye harufu ya majani. Tulichonga kijiti cha mwanzi. Mara ya kwanza wino ulitanda karatasi nzima. Mara ya pili nikapunguza maji, ukashika.

Tuliandika kwenye ukurasa wa gazeti la wiki iliyopita, tumeugeuza ubavu. Mpwa wangu aliandika tarehe ya soko la Nyangwe. Mama akatoka jikoni, akavaa miwani, akasogea aone naandika nini. Nilikuwa naandika jina la baba, kwa L. Akalisoma kwa sauti, kisha akaniambia niondoe karatasi juani.