Rangi imeshika kwenye jiwe la tano

Imeshika. Nimelisugua kwa brashi ya waya, nimelipiga maji ya bomba kwa nguvu zote, nimelizamisha kwenye pipa wiki 3. Leo asubuhi nimelitoa na rangi yake ni ileile, wekundu wa kichuguu uliojaa kwenye vitundu vya mchanga, na ukikwangua kwa ukucha hupati kitu. Miezi 4 nimehangaika na jambo hili moja: kutengeneza mawe ya saruji ya bwawa langu la samaki, yenye rangi kama ya mawe halisi. Naandika yote leo, mikono ikiwa bado inanuka siki, nisije nikasahau lipi lilitangulia lipi.

Ninachotafuta ni mawe ya kwetu. Nimezaliwa Mwanza, na kwa mtu wa Mwanza bwawa lisilo na mawe ni shimo la maji. Huku Dar ninakoishi ardhi ni mchanga mtupu, na jiwe la huku ni matumbawe: jepesi, lina matundu, kingo zake zinakata. Mimi nataka yale makubwa ya mviringo yanayobebana, kama Jiwe la Bismarck pale ziwani. Itale (graniti) ya kwetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na maji ya miaka na miaka yamekula pembe zake zote. Ukiwa mbali unaona kijivu. Ukisogea unaona punje nyeupe kama maziwa, punje za waridi, punje nyeusi zinazometa, kisha mabaka ya kutu ubavuni na michirizi myeusi pale maji ya mvua yanaposhukia kila mwaka njia ileile. Jiwe halina rangi moja, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Umbo halikunisumbua. Ndani ni vifusi vya matofali, juu yake neti ya kuku iliyofungwa kwa waya, kisha lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu yenye usumba wa nazi kidogo ili isipasuke. Uingereza ya karne ya 19 kulikuwa na ukoo wa mafundi, akina Pulham, waliojenga miamba ya bandia kwa njia hiyohiyo, vifusi ndani na saruji juu, na kazi yao iliyo Battersea Park jijini London inaonekana mpaka leo. Hilo lilinipa moyo. Kwa mchanga nina neno moja tu: usichukue wa baharini, hata kama uko mlangoni kwako na ni wa bure. Chumvi yake inakula neti, na jiwe linapasuka kutokea ndani.

Sasa rangi.

Jiwe la kwanza nililipaka rangi ya maji ya ukutani, mikono mitatu: kijivu, kijivu cheusi, na madoadoa ya sponji. Lilipendeza sana. Nililiweka ukingoni mwa bwawa, nusu ndani ya maji. Wiki ya pili likaota malengelenge. Nikagusa lengelenge moja, rangi ikavuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, kipande kizima cha ukubwa wa kiganja, na chini yake palikuwa na unga mweupe mkavu. Mafundi wanasema ukuta "unatoa chumvi". Kwa saruji mbichi, mara nyingi kitu hicho si chumvi, ni chokaa. Saruji ikikomaa inabaki na chokaa ndani yake. Maji yanaiyeyusha, yanatoka nayo mpaka juu, inakutana na hewa na kuganda ikiwa nyeupe. Ukiwa umeziba njia kwa rangi, chokaa inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Nilikwangua, nikapaka tena, ikavuka tena. Nilikwangua mara ya pili, nikatanguliza praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, ikakaa siku 20 halafu ikavuka pamoja na praima yake.

Jiwe la pili nikaamua liwe la rangi ya mafuta, kwa kufikiri kwamba mafuta na maji havipatani, basi maji hayatapita. Nililipaka likiwa na siku 10 tu tangu kupigwa lipu. Halikukauka. Siku ya nne lilikuwa bado linanata, siku ya saba likawa na utelezi. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Mwanza, na yeye kwa miaka mingi amepika sabuni za mche za kuuza. Alipita pale uani, akaweka kidole, akakisugua na cha pili, akanusa.

"Mwanangu, hii mbona ni sabuni?"

"Ni rangi, shangazi."

"Ulipaka rangi. Hii sasa ni sabuni. Lete maji uone."

Nikaleta maji kwenye kopo, akasugua, na povu likatoka. Kidogo, la kijivu, lakini povu. Yeye anapika mafuta na magadi makali, mimi nilikuwa nimepaka mafuta juu ya chokaa kali, na kazi ni ileile. Tangu siku hiyo siweki rangi ya mafuta kwenye saruji changa, na yeyote anayeniuliza namwambia hivyohivyo kabla hajamaliza swali. Nilijifunza kwa shangazi ndani ya dakika mbili kitu ambacho muuza rangi hakunigusia, ingawa nilimweleza kazi yenyewe tangu mwanzo.

Jiwe la tatu halikupakwa kitu. Nililiacha tu nyuma ya nyumba kwa sababu nilikuwa nimechoka. Wakati huo nilikuwa nimeloweka koleo na misumari ya zamani kwenye siki ili kutoa kutu, na jioni moja nikamwaga yale maji bila kuangalia, yakaangukia mgongoni mwa jiwe. Likatokea doa la kijani chafu, kama maji ya mchicha. Nililaani nikaenda kulala. Asubuhi doa lilikuwa la rangi ya chungwa iliyoiva, na kwenye vitundu lilikuwa limekolea likawa kahawia. Nilichuchumaa mbele yake muda mrefu. Lilikuwa baka la kutu kama yale ya mawe ya Capri Point kule Mwanza, lenye kingo zinazofifia zenyewe, kitu nilichojaribu kukichora kwa sponji miezi miwili nikashindwa.

Nikajiona nimefika. Nikatengeneza maji ya chuma kwa makusudi: stilwaya mbili za kusugulia sufuria, nimezifua kwanza kwa sabuni kutoa mafuta yake, nikaziloweka kwenye nusu lita ya siki kwa siku 4. Mfuniko usikazwe, kuna gesi inatoka. Nikachuja kwa kitambaa. Jiwe la nne likawa tayari, na ili nisirudie makosa ya chokaa nikalisafisha kwanza kwa siki tupu, mara tatu, mpaka likaacha kutoa mapovu. Kila mtu anashauri hivyo: toa chokaa kwanza ndipo upake. Nikapaka maji ya chuma, nikasubiri asubuhi.

Hakuna kitu. Manjano hafifu kama chai ya maziwa, na nilipolisuuza nusu yake ikaondoka. Nikapaka tena, vilevile. Nikaongeza stilwaya, nikaloweka wiki nzima, nikapaka, vilevile. Siku 9 nilizunguka jiwe lile. Nilidhani ni siki ya dukani imebadilika, nikanunua nyingine. Nilidhani ni jua, nikalihamishia kivulini. Nilikaribia kuliacha kabisa.

Jibu nililiona nilipoligeuza. Tumboni, mahali lilipokuwa limekalia mbao, siki yangu haikufika. Maji ya chuma yalikuwa yametiririka mpaka huko chini, na mchirizi wake ulikuwa mwekundu, umekolea, umeshika kabisa. Mgongo niliousafisha kwa uangalifu wote ule ulikuwa umepauka. Pale niliposafisha nilikuwa nimeondoa kilichotakiwa kushika rangi. Siki imebeba chuma kikiwa kimeyeyuka. Chuma kikikutana na chokaa, ukali wa siki unauawa, chuma kinaganda hapohapo ndani ya vitundu, kijani kwanza, na hewa ya usiku inakigeuza kutu. Bila chokaa hakina cha kukigandisha, kinasuuzwa tu. Ile chokaa niliyokuwa naipiga vita tangu jiwe la kwanza ndiyo inayoshika rangi!

Kwa hiyo jiwe la tano sikulisafisha. Siku 7 chini ya magunia yaliyolowa, siku 2 likauke uso, kisha maji ya chuma mepesi kwa mikono minne, kila mkono usiku wake. Matokeo nimeshayasema.

Nimebadilisha mawazo kuhusu vifaa pia. Brashi ya rangi ya inchi tatu, ile nzuri ya bei, haifai kwa kazi hii, inaacha mistari ya mkono wa binadamu. Sponji inaacha madoa yanayofanana, na jicho linayatambua mara moja. Kinachofaa ni mfagio mdogo wa chelewa: unauchovya, unaukung'uta mara moja pembeni, halafu unarusha matone kutoka umbali wa mkono. Na brashi ya waya ndiyo mfalme wa uani kwangu. Kwa jua la Dar, ukipita nayo zikishapita kama saa 5 tangu kupiga lipu, inatoa ngozi ya saruji na kuacha punje za mchanga zimesimama, na jiwe linapata ule uso wa itale. Ukiwahi inachimba. Ukichelewa inateleza tu na kukuchosha mkono. Mwiko nautumia kubebea lipu, basi. Umbo nalifinyanga kwa mikono yenye glavu, kwa sababu mwiko unapenda ubapa na jiwe halina ubapa.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa maporomoko madogo: ngazi tatu, pampu, bomba la nyuma. Pampu imekaa kwenye boksi lake na itaendelea kukaa, kwa sababu ya majani ya chai. Juzi nilimwaga masalia ya chai ya rangi ndooni, ndoo ileile iliyokuwa na mabaki ya maji ya chuma, na maji yakawa meusi palepale. Meusi ya wino. Majani ya chai yana ukakasi uleule ulio kwenye magome ya mkoko, na ukakasi ukikutana na chuma unatoa nyeusi. Michirizi! Ile michirizi myeusi ya mvua ambayo sikuwa na njia ya kuipata bila kuchora! Nimechemsha vijiko 6 vya majani kwenye kikombe kimoja cha maji, nikaacha ipoe, nikachukua jiwe la nne, lile lililopauka, nikapitisha maji ya chuma kutoka kilele mpaka chini yashuke yanavyotaka, yalipokauka nikafuatisha chai njia ileile. Imetoka nyeusi yenye uzambarau kwa mbali, imekolea kileleni na kufifia inaposhuka. Kumbe mgongo uliokosa chokaa ndio unaoitaka. Kwenye kipande cha jiwe la tatu, ambacho bado kina chokaa, chai ileile ilikwenda kahawia. Jiwe la nne, nililokaribia kulivunja kwa nyundo, sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nimelipandisha juu ya paa la banda lipigwe jua na mvua ya vuli.

Limebaki suala la samaki, na hapa sina haraka hata kidogo. Maji yaliyokaa na saruji changa yanafika 12 na zaidi kwa pH, kipimo cha uchachu na ukali wa maji, perege wanataka kati ya 6.5 na 9, na kila hatua moja ni ukali mara kumi. Jiwe linakaa kwenye pipa la lita 200, maji nabadilisha kila siku ya tatu. Vile vikaratasi vya kupimia viliniishia, nikaanza kutumia rozela, ambayo hugeuka bluu kisha kijani kadiri ukali wa chokaa majini unavyozidi: nachemsha maua makavu machache, nachukua glasi mbili, moja maji ya bomba, nyingine maji ya pipa, naweka kijiko kimoja cha rozela kila moja. Wiki ya kwanza glasi ya pipa iligeuka kijani cha chupa mbele ya macho yangu huku ya bomba ikibaki na wekundu wa zambarau. Wiki ya pili ikawa bluu ya kijivu. Leo nimeziweka dirishani, jiwe la tano likiwa na siku 21 majini, na ya pipa bado ina bluu kidogo ukiiangalia kwa juu. Nimemwaga maji, nimejaza mapya, nimelirudisha jiwe ndani. Perege wangu 11 bado wako kwenye beseni kubwa, na jiwe la sita nalipiga lipu kesho alfajiri.