Mkazo wa Joto Ndani ya Paneli ya Sola

Paneli ya sola iliyofungwa juu ya bati huonekana kama kitu kimoja kigumu, ilhali ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja, na kila tabaka hutanuka kwa kiwango chake. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kioo hutanuka takriban sehemu 9 katika milioni, silikoni ya seli sehemu 2.6 tu, na utepe wa shaba unaounganisha seli sehemu 17. Zingekuwa huru, kila moja ingetanuka bila kuisumbua jirani yake.

Ninapoiga hali hiyo kwa kompyuta, huanza kwa kuuliza ni katika joto gani tabaka hizi zilikuwa hazivutani. Wengi huandika nyuzi 25, yaani joto la kawaida la chumba, na programu hulipokea jibu hilo bila kulalamika. Lakini kiwandani tabaka hushikamanishwa zikiwa kwenye joto la karibu nyuzi 150, pale plastiki ya EVA iliyo kati yake inapolainika na kunata, na paneli inapopoa kioo husinyaa kuliko seli na kuziacha zimebanwa. Ukianzia nyuzi 25, adhuhuri yenye paneli ya nyuzi 60 itakuonyesha seli inayovutwa, ilhali ukianzia nyuzi 150 utaiona bado imebanwa. Hilo ni kosa la mwelekeo mzima wa mkazo, yaani nguvu ya kuvuta au kubana iliyo ndani ya kitu, nalo ni zito kuliko kosa la tarakimu.

Sehemu ninayoitazama kwa makini zaidi ni ule mwanya mwembamba kati ya seli mbili. Chukua seli yenye upana wa milimita 156 na mwanya wa milimita 2. Paneli ikitoka nyuzi 20 alfajiri hadi nyuzi 60 mchana, kioo huzisogeza seli hizo mbali na mwenzake, na mwanya huongezeka kwa takriban milimita 0.04. Ni kiasi kidogo mno kwa macho, lakini utepe wa shaba unaovuka hapo hunyooshwa na kukunjwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, na shaba huchoka kwa mtindo huo hadi ikakatika.

EVA nayo haifai kupewa ugumu mmoja usiobadilika, kwa kuwa hulainika kadiri joto linavyopanda na hulegea kadiri muda unavyopita. Tena, kwenye ukingo ambapo tabaka mbili zinaishia pamoja, mkazo unaokokotolewa huendelea kupanda kila unapogawa umbo la paneli kwenye kompyuta katika vipande vidogo zaidi, kwa hiyo ile rangi nyekundu kali ambayo programu huipaka pembeni kuonyesha mkazo mkubwa isichukuliwe kuwa kipimo cha mkazo halisi. Mimi hulinganisha wastani wa mkazo katika eneo dogo lenye ukubwa uliowekwa tangu mwanzo.

Jaribio la IEC 61215, kiwango cha kimataifa cha kupima paneli za sola, huipitisha paneli katika mizunguko 200 kati ya nyuzi 40 chini ya sifuri na nyuzi 85. Ni jaribio zuri la kuchuja bidhaa, ila paa la Mombasa halifikii baridi hiyo kamwe. Huko kinachojirudia ni wingu kupita ghafla juu ya paneli iliyopata moto, kisha jua kurudi. Uigaji wa paneli za Pwani unapaswa kulishwa vipimo vya joto vilivyochukuliwa kwenye paneli yenyewe, dakika kwa dakika, kwa sababu wastani wa saa nzima hulifuta wingu hilo.