Kucha za Furu Sakafuni

Asubuhi ya leo, kabla sijafungua macho sawasawa, nilimsikia binti wa nyumbani akifagia baraza kwa ufagio wa chelewa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ufagio ulikuwa umelowa, hivyo kila alipouvuta juu ya saruji ulitoa mkwaruzo mrefu, ukanyamaza, kisha ukatoa mwingine mfupi zaidi. Niliketi kitandani kwa ghafla. Kwa muda wa pumzi mbili tatu niliamini kuwa mbwa wetu Furu amerudi, na kwamba anapita barazani kuelekea mlangoni kwa baba, akiburuta kucha za miguu ya nyuma kama alivyofanya katika miaka yake ya mwisho.

Tulimpa jina la Furu kwa sababu siku alipoletwa alikuwa mdogo kama furu, wale samaki wa kwenye mawe ambao watoto wa Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, huwavua kwa ndoano ndogo. Hakuna aliyejua kwamba damu ya German Shepherd iliyokuwa ndani yake ingemfikisha kilo 41.

Mkwaruzo wa kucha tulianza kuushughulikia mwaka 2017, ingawa haki ni kusema kwamba ulikuwepo kabla ya hapo na hatukuusikiliza. Kwanza aliacha kurukia pikapu ya baba. Kisha akawa anasimama chini ya ngazi tatu za baraza kwa muda mrefu, akiziangalia kama mtu anayehesabu fedha zisizotosha. Alipoamka asubuhi za baridi za Juni na Julai alitembea kama aliyekanyaga miiba, na baada ya dakika kumi hivi miguu ikalainika, nasi tukasema, "Unaona? Hana neno, ni usingizi tu." Alipotaka kukimbia, miguu yote miwili ya nyuma iliruka kwa pamoja kama ya sungura. Alikuwa na umri wa miaka 9, na kila aliyepita getini alitamka neno lile lile, yaani uzee, nasi tulilipokea kwa sababu lilituondolea kazi ya kutafuta jibu jingine. Furu hakulia hata mara moja. Sisi wenye maneno hudhani kwamba maumivu lazima yawe na sauti.

Hapa lipo jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Baba alikuwa na goti lake bovu, na kabatini mwake hapakukosekana vidonge vya diklofenaki. Siku moja nilikata kidonge katikati, nikakificha ndani ya tonge la ugali, nikampa Furu. Jioni ile alipanda ngazi bila kusita, nami nikafurahi sana. Nilirudia kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne alitapika, akakataa chakula, na choo chake kikawa cheusi kama lami. Daktari wa mifugo aliyekuja nyumbani, dada mmoja kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanieleza kwamba dawa hiyo huweza kutoboa ukuta wa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake hata kwa kiasi ambacho mtu mzima hukimeza bila wasiwasi, na kwamba ibuprofeni pia ni ya hatari hiyo hiyo. Ilibidi tutibu tumbo kwanza, majuma mawili na zaidi, kabla ya kuthubutu kumpa dawa ya maumivu inayomfaa mbwa. Majuma hayo Furu aliumwa viungo vyake na tumbo kwa pamoja, na nusu ya maumivu hayo ilitoka mkononi mwangu.

Alipopata nafuu, daktari alirudi kumpima miguu. Alimwamkia baba, akavua viatu, akapiga magoti sakafuni pembeni ya Furu na kukaa naye kimya kwanza. Kisha akashika mguu wa nyuma, akakunja wayo ili mgongo wake ndio uguse sakafu, akauachia. Furu aliurudisha pale pale. Akafanya hivyo upande wa pili, na Furu akaurudisha tena.

"Baba, mishipa yake ya fahamu inafika," alisema. "Angechelewa kuurudisha, au angebaki amesimama hivyo bila kujua, ningeuhofia uti wa mgongo, na hapo tungekuwa na mazungumzo mengine."

Akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, akajaribu kuusukuma muundi mbele. Alisema kwamba kano ya ndani ya goti ikikatika, jambo linalowapata mbwa wengi wakubwa, mfupa huo huteleza kama droo. Wa Furu haukuteleza. Mwisho akauvuta mguu mzima kwenda nyuma, polepole sana, ili nyonga inyooke. Furu hakubweka wala hakuonyesha meno. Aligeuza kichwa, akautazama ule mkono, akalamba midomo yake mara mbili.

"Ndivyo anavyolia," daktari akasema.

Baba aliinuka akaenda kusimama uani.

Tulielezwa kwamba kichwa cha paja la Furu hakikukaa vizuri ndani ya tundu la nyonga tangu utotoni, tatizo linaloufuata sana ukoo wa German Shepherd, na kwamba kwa miaka yote hiyo kilikuwa kikichezacheza na kulisaga gegedu, mpaka mwisho wake ukawa baridi yabisi. Ugonjwa huo hauponi. Aliandika dawa ya maumivu ya meloksikamu kwa kipimo cha uzito wake, ya kumezwa na chakula, akasema kwamba sehemu kubwa iliyobaki ni kazi ya mikono yetu.

Basi tulianza. Makombo ya meza na ugali wa usiku vilikatwa, na katika miezi mitano Furu alishuka kutoka kilo 41 hadi 35. Baba, ambaye kumnyima mbwa chakula kulimchoma moyo, alilegea pale daktari alipomsimulia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Katika utafiti huo walifuatiliwa mbwa 48 wa Labrador maisha yao yote, na wale waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Tulitandika magunia juu ya saruji kuanzia mlangoni hadi kwenye chombo chake cha maji, maana kila mguu unapoteleza nyonga hujikaza kwa hofu. Tulipunguza kucha. Tulimwongezea mafuta ya samaki, ambayo daktari aliyaamini kuliko vile vidonge vya glukosamini ambavyo ndugu yangu alitaka kutuma kutoka Dar es Salaam. Jioni nilikuwa nikichovya taulo kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikalijaribu kwenye ndani ya mkono wangu mwenyewe, kisha nikalilaza juu ya nyonga yake kwa dakika kumi, na baada ya hapo nikamkanda paja kwa kiganja, kutoka gotini kwenda juu. Nilisoma kwamba huko ng'ambo mbwa wa namna yake huchomwa hata zile sindano za tiba ya Kichina. Sisi tulikuwa na ziwa.

Daktari alikuwa amesema kwamba maji yakimfika mbwa usawa wa nyonga, miguu yake hubeba kama asilimia 38 tu ya uzito wake, hivyo huweza kuijenga misuli ya paja iliyosinyaa bila kukigandamiza kiungo. Baba alifanya kazi ya ufundi wa meli kwa miaka 31, na jambo hilo hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. "Ni sawa na meli," alisema. "Uzito haujaondoka, ila si yeye anayeubeba."

Jumamosi ya kwanza tuliondoka gizani. Baba alikuwa amechagua kighuba kidogo kati ya mawe makubwa, pasipo na magugu maji, baada ya kuwauliza wavuvi wa pale kuhusu mamba kwa siku tatu mfululizo. Jua lilikuwa bado nyuma yetu, nyuma ya vilima, na ng'ambo ya ghuba mwanga ulikuwa umeanza kugusa vilele tu. Nilipitisha kanga kuukuu ya marehemu mama chini ya tumbo la Furu, karibu na mapaja, nikazikusanya ncha zote mbili juu ya mgongo wake. Baba alitangulia akasimama maji yakiwa kiunoni, akamwita kwa sauti ile ile aliyomwitia chakula.

Furu alinusa maji. Aliingiza mguu mmoja wa mbele, akautoa, akanitazama. Sikumvuta. Mtumbwi ulipita karibu, mvuvi akamwamkia baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka," baba akaitikia bila kuondoa macho kwa mbwa, na mvuvi akatuliza kasia lake. Furu akaingia. Maji yalimfika kwenye vifundo, kisha magotini, kisha tumboni, na kwa kila hatua nilihisi kanga ikiwa nyepesi mikononi mwangu, kama ndoo inayorudishwa kisimani. Hatua iliyofuata haikupata ardhi. Alipapatika, kanga ikakaza, nikaogopa, na hapo hapo nikahisi kupitia kitambaa kile mguu wa kushoto ukisukuma maji. Kisha wa kulia. Kisha wa kushoto. Miguu ambayo nchi kavu ilikuwa ikiruka kwa pamoja kama ya sungura sasa ilikwenda mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, kama ilivyokuwa alipokuwa kijana akiwakimbiza yangeyange ufukweni. Masikio yalilala nyuma, pua ikawa juu, na pumzi yake ikasikika ikigonga maji, pfu, pfu. Nililegeza kanga kidogo, kisha kidogo tena, mpaka nikawa nimeshika kitambaa kisichobeba kitu.

Alimfikia baba, akampita, akageuka mwenyewe.

Zilikuwa dakika tatu tu. Tulimkausha kwa taulo mbili na kumfunika blanketi, kwa kuwa baridi hukaza viungo upya. Baba alikuwa amelowa hadi kifuani, akatetemeka, na hakutaka taulo mpaka mbwa alipokauka.

Tulikwenda mara mbili kwa juma kwa karibu miaka miwili, na muda ukafika dakika kumi na mbili. Sitaki mtu aige bila kufikiri. Daktari alituonya kuhusu kichocho, akasema konokono humwaga vijidudu zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo alfajiri hupunguza hatari lakini haiiondoi. Kweli, mwaka wa pili kipimo cha choo kilionyesha mayai kwangu na kwa baba, tukameza prazikwanteli, mimi vidonge vinne kwa wakati mmoja, na siku nzima kichwa kikazunguka. Baba alipona, na Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshaning'iniza kanga begani.

Furu alikufa Machi 2019, nyumbani, kwa sindano ya daktari yule yule, baada ya majuma mawili ambayo hata majini hakutaka kuingia. Alikuwa akifika ukingoni, akilala juu ya mchanga, akitazama. Mara kwa mara hujiuliza kama majuma yale mawili yalikuwa yake au yetu, kama tulipaswa kuelewa tangu Jumamosi ya kwanza aliyolala pale, na kama ile miaka miwili tulimpunguzia maumivu kweli au tulijifunza tu kuyapanga vizuri. Daktari alisema alikuwa na misuli ya kushangaza kwa umri wake. Lipi kati ya yote tuliyofanya ndilo lililomsaidia zaidi, hata yeye hakuweza kulitenga. Baba nilimwuliza mara moja tu, akanijibu kwamba mbwa hakuwahi kukataa kanga. Hilo nimelifikiria sana, na bado sijui kama ni jibu.

Ufagio uliponyamaza leo, nilikwenda hadi mlangoni kwa baba. Siku hizi yuko kwangu, na tangu mvua zianze huchelewa kutoka chumbani. Nilibisha, nikamwamkia, na badala ya kumwuliza goti limeamkaje, swali ambalo hulijibu kwa neno "salama" kila siku ya Mungu, nilisimama nikamtazama akijaribu kuinuka kitandani. Alishika ukingo wa meza. Aliweka chini kwanza mguu usiouma. Alilamba midomo.

Nilikwenda jikoni kuchemsha maji. Niliporudi na taulo, alikuwa ameshakunja suruali hadi juu ya goti, ameangalia dirishani.