Usiku wa tatu wa darubini Arua: foleni, Zohali na Haji

Jumamosi 24 Januari 2026. Uwanja ule ule wa mpira, watu kama thelathini, anga safi kuliko Desemba ila moshi wa wanaochoma nyasi umekaa chini magharibi kama pazia.

Kwanza kabisa, slaidi basi. Mwezi uliopita nilileta projekta na slaidi arobaini, wazee wakasinzia na watoto wakacheza na vivuli vya mikono yao ukutani, so safari hii nimeongea dakika kumi tu alafu tukaenda kwa darubini.

Ni ile ya kioo cha milimita 130, fokasi (umbali ambapo mwanga unakutana) milimita 650. Shida ya usiku wa pili ilikuwa foleni: naweka Zohali katikati, wa kwanza anaona, wa pili anaona, wa tatu ananiambia "humu hamna kitu", maana dunia inazunguka na kwa lenzi ya milimita 10, yaani mara 65, sayari inavuka duara lote kwa dakika tatu hivi. Sasa naiweka ukingoni, upande wa mashariki, ijivukie yenyewe polepole mtu akiwa anaangalia. Na watoto nimewapa kreti ya soda ya kusimamia na kiti cha kushika pembeni, vinginevyo wanaikumbatia darubini yenyewe na kazi yote inaanza upya 😅

Zohali iliwavunja moyo lakini. Watu walikuja kwa ajili ya pete, mama wa chapati akachungulia akasema, "Mwanangu, hii ni njugu imechomwa sindano." Amepatia kabisa! Pete ni pana sana ila nyembamba mno, na kila miaka kama 15 zinatugeukia ubavu, mara ya mwisho ni Machi 2025, sasa ndo zinaanza kufunguka tena kidogo kidogo. Galileo mwenyewe mwaka 1612 aliangalia akakuta zimepotea, akachanganyikiwa.

Sayari ya Mshtarii (Jupita) ndiye aliokoa usiku. Tarehe 10 alikuwa mkabala na jua, yaani dunia katikati yao, kwa hiyo bado anang'aa vibaya sana, na vile vinukta vya miezi yake vimejipanga mstari, mtoto mmoja alirudi kwenye foleni mara tano.

Haji yeye hakutaka hata kuchungulia, alikuwa anaangalia juu tu kwa macho, "Kile si Kilimia?" Ndicho, Haji, kile kishada cha nyota. Akauliza, "Na mwezi wa Ramadhani hiyo kitu yako itauona kabla yetu?" Nikampigia hesabu: mwezi unazaliwa tarehe 17 Februari saa tisa alasiri, jua likizama una umri wa saa nne tu, hauonekani hata kwa darubini. Tarehe 18 magharibi utakuwa na saa 28, hapo sawa. Nimemwambia sitagusa darubini mpaka jua lizame lote, jicho halina spea.

Amesema atakuja na mkeka, tuone nani atauona kwanza.