Mtuhumiwa wa Bili ya Maji

Dada yangu alipohama nyumba ya kupanga na kuingia nyumba yake mwenyewe, nilihama naye na godoro langu, vitabu vyangu vya chuo na sifa yangu mbaya ya kukaa bafuni. Kule tulikotoka sifa hiyo ilikuwa utani tu. Maji yalikuwa ndani ya kodi: kila mwezi unalipa kiasi kilekile, uwe umeoga kwa kopo au umeacha bomba wazi mpaka asubuhi, na hakuna aliyejua wapangaji wote kwa pamoja tunatumia lita ngapi. Shemeji akipita mlangoni alikuwa anagonga na kuuliza, "Shem, samaki umewaachia kidogo?" Tunacheka, naendelea kuoga.

Nyumba mpya ilikuwa na mita. Ilikaa nje karibu na geti, ndani ya kishimo chenye mfuniko wa chuma. Siku ya kukabidhiwa funguo dada alipiga magoti pale, akafunua, akaipiga picha, kisha akamtaka muuzaji aandike tarakimu zile kwenye karatasi ya makabidhiano na atie saini. Muuzaji alicheka. Dada ni mhasibu, na mhasibu hachekeshwi na tarakimu.

Picha ile ilifanya kazi mapema kuliko tulivyodhani. Bili ya kwanza ilipokuja, shemeji aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, halafu akatangaza kwamba tunalipishwa maji ya watu waliohama. Dada akatoa simu. Usomaji wa kuanzia kwenye bili ulikuwa uleule wa kwenye picha, na pembeni hapakuwa na neno "makadirio", maana yake msomaji mita alifika kweli. Maji yalikuwa yetu. Uniti 34.

Kwa ambaye hajawahi kuishi na mita, uniti moja ni mita ya ujazo moja, yaani lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Dada alipiga hesabu hiyo mezani kwa sauti: ndoo 1,700 ndani ya mwezi mmoja, kwa watu watano, wawili wao wadogo kiasi kwamba beseni linawatosha wote kwa mara moja. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma afya ya jamii, na kiherehere changu kikanisukuma kusema kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku zinatosha mahitaji ya msingi. Sisi tulikuwa tumepita 220.

Kimya. Halafu macho yote, hata ya mtoto wa miaka sita, yakanigeukia.

Hakuna aliyenitaja. Ingekuwa afadhali wangenitaja. Shemeji alisema tu, akiitazama glasi yake, kwamba katika nyumba hii kuna watu wanatumia maji kama wana mto wao. Dada akasema sote tujitahidi kupunguza, na hilo "sote" nililisikia lilivyotamkwa. Kuanzia jioni hiyo shemeji hakugonga tena mlango wa bafu kwa utani. Aligonga akiwa ameshika saa.

Mtu unayeishi kwa dada yako hupandishi sauti. Nilichokuwa nacho ni ndoo. Nikaiweka chini ya bomba la mvua, nikafungua kama ninavyofungua siku zote, nikaangalia simu: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika mbili. Lita 10 kwa dakika, basi. Nikajipa adhabu ya juu kabisa, dakika 15 kila siku bila kukosa, nikapata lita 150 kwa siku, uniti nne na nusu kwa mwezi. Si kidogo, nakubali, ni zaidi ya ndoo saba kwa kuoga mara moja. Lakini mwenye uniti nne na nusu hawezi kubebeshwa 34, na zile karibu 30 zilizobaki zilikuwa zinakwenda mahali.

Nikaanza kusoma mita. Nilinunua daftari jembamba, nikawa natoka asubuhi kabla ya mtu kufungua koki na usiku kabla ya kulala. Mita haina ugumu wowote. Tarakimu nyeusi ni uniti, na hizo ndizo ofisi ya maji inazoangalia inapoandaa bili. Nyekundu ni lita, hizo hakuna anayekutoza moja moja, ila kwa anayetafuta mchawi ndizo zenye habari. Katikati ya kioo kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota. Maji yakipita, hata kwa unyonge, kinazunguka. Yasipopita, kinasimama.

Kilichonishangaza ni kwamba tarakimu za asubuhi hazikuwahi kulingana na zile nilizoziacha usiku. Watu wamelala, mita inatembea.

Nilimwambia dada peke yake, jikoni. Mhasibu anajua kusikia hasara inayojirudia. Akaniambia, "Usimwambie mtu kitu. Leta ushahidi." Tukakubaliana kwamba usiku huo kila mtu amalize shughuli zake kabla ya saa tano, na atakayeamka kwenda chooni aweke alama kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni. Shemeji aliiona karatasi ile akatikisa kichwa kama anayeangalia mchezo wa watoto, lakini hakuivunja sheria. Saa tano kamili nilisoma. Saa kumi na moja alfajiri nikatoka na tochi, nikafunua mfuniko wenye umande, nikasoma tena.

Lita 99. Karatasi ilikuwa na alama moja tu, ya mtoto, iliyochorwa kubwa kama ramani. Tangi la choo chetu linamwaga lita 9 kila ukivuta. Toa hizo, zinabaki 90 kwa saa sita, lita 15 kila saa, 360 kwa siku. Dada alimalizia hesabu kabla hata sijaufunga mdomo: karibu uniti 11 kwa mwezi, maji ambayo hakuna aliyeyanywa, kuyaoga wala kuyafulia. Theluthi nzima ya bili.

Shemeji akasema bomba limepasuka chini ya ardhi na atamwita fundi wa kupasua sakafu. Hapo dada aliingilia kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Kabla ya nyundo, alisema, tufunge koki moja baada ya nyingine.

Na hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka kwa raha kuliko zote. Dada alichuchumaa getini na tochi akiikodolea nyota. Mimi nilikuwa ndani. Mtoto mkubwa tulimweka mlangoni kuwa mpeleka habari, akiwa na pajama na uso wa mtu aliyepewa cheo. Nafunga koki ya sinki la jikoni, napiga kelele, "Jikoni!" Mtoto anapaza, "Mama, jikoni!" Kutoka getini linarudi jibu, "Inazunguka!" Bafu: inazunguka. Mashine ya kufulia: inazunguka. Choo cha ndani: inazunguka, na mpeleka habari ameanza kupiga miayo. Nikaingia choo cha wageni, ambacho tangu tuhamie hakikuwa kimemwona mgeni hata mmoja, nikainama nyuma ya bakuli na kukikaza kile kikoki cha ukutani.

"Imesimama!"

Mtoto alirudia neno hilo hadi jirani akawasha taa.

Sikutaka kuacha mwanya wa ubishi, kwa hiyo nilikifungua tena, nikasubiri tangi lijae, kisha nikachukua rangi ya bluu kwenye boksi la kuchorea la watoto nikaikoroga ndani ya tangi. Nikawaambia mtu asivute. Tulisimama watatu tukikodolea bakuli la choo, jambo ambalo ukilifikiria sana huwezi kulifanya tena. Hazikupita dakika 10, mchirizi wa bluu ukajitokeza kwenye ukuta mweupe wa bakuli, mwembamba kama uzi, hauna sauti. Huo ndio ubaya wa uvujaji wa aina hii. Koki ya jikoni ikidondosha utaisikia usiku na itakukera mpaka uitengeneze. Choo kinavuja kimyakimya kwa miezi.

Fundi bomba alikuja siku iliyofuata akatoa kizibo cha chini ya tangi, kampira kasichozidi kiganja, kamekakamaa na kuota chokaa ukingoni kiasi kwamba hakalali sawasawa kwenye tundu lake. Akaweka kingine na kurekebisha boya, maana lenyewe lilikuwa linaruhusu maji kupanda hadi karibu na mdomo wa bomba la kufurikia. Kazi ilimalizika kabla chai haijapoa. Nilimwomba kile kizibo kibovu nikakiweka juu ya meza ya sebuleni, karibu na mahali shemeji anapoweka funguo zake.

Hakuniomba radhi, na kusema kweli sikutegemea. Alikiokota, akakikunja, akasema, "Hiki?" akakirudisha mezani.

Kilichobaki alikieleza dada, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini bili ilituuma kupita ujazo wake. Bei haikuwa moja kwa uniti zote. Uniti za mwanzo zilikuwa na bei ya chini, na ukivuka kiwango fulani, kila inayoongezeka inatozwa zaidi. Kwa hiyo uniti 11 za choo cha wageni hazikukaa chini kwenye bei nafuu. Zilikaa juu ya matumizi yetu yote, kwenye ngazi ya ghali. Halafu kulikuwa na mstari wa majitaka, uliokokotolewa kutokana na maji yaliyoingia, kwa hiyo lita ileile iliyovuja tulilipia kuja kwake na kuondoka kwake. Ndiyo maana kupunguza uniti chache za juu kunaonekana mfukoni kuliko mtu anavyodhani, na ndiyo maana dada hakuridhika na kampira peke yake.

Tukaingia kipindi cha kubana. Mashine ya kufulia haikuwashwa mpaka ijae. Mboga zilioshwa kwenye bakuli, na maji yake yakaenda kwenye maua. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji ililazwa ndani ya tangi la choo ili kila mvuto utumie pungufu. Watu wengine huweka tofali, lakini tofali linamomonyoka na mchanga wake ndio unaoharibu vizibo kama kile. Mimi nilijifunza kufunga bomba wakati wa kujipaka sabuni. Kengele ya kuhesabu dakika iliyowekwa bafuni ilidumu muda mfupi tu kabla haijaangukia kwenye ndoo, na sijawahi kusema iliangukaje. Lililosaidia bila kumkera mtu ni fundi kurudisha koki kuu nyuma kidogo, kwa sababu msukumo ulikuwa mkubwa kupita mahitaji, na bomba lenye msukumo mkubwa linakumwagia mengi hata kama unanawa mikono tu.

Daftari niliendelea nalo. Ndilo lililoleta habari ambayo sikuwa nimeitafuta. Siku zote za wiki mistari ilikuwa inakaribiana, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ilikuwa inaruka kwa lita 700 na ushee. Nilidhani ni nguo, lakini nguo tulikuwa tumezihamishia Jumatano. Nikakaa dirishani na kalamu. Saa tatu asubuhi shemeji alitoka amevaa kaptula yake ya zamani, akaunganisha mpira kwenye koki ya uani, akaanza kuosha gari. Aliuacha mpira chini ukimwaga wakati anasugua magurudumu. Aliuacha ukimwaga wakati anazungumza na jirani. Baadaye, alipokwisha ingia ndani, nilipima mpira ule kwa ndoo yangu ileile: lita 18 kwa dakika, karibu mara mbili ya bomba langu la mvua.

Sikusema kitu. Niliandika tu kwenye safu ya maelezo, kwa kalamu nyekundu: "Gari, dakika 40." Jumamosi iliyofuata nikaandika tena. Daftari lilikuwa linakaa jikoni, wazi kwa yeyote, na dada, ambaye hapitwi na safu yoyote ya tarakimu, alilipitia akinywa chai. Akalifunga taratibu. Hakuniuliza na mimi sikumweleza.

Bili ya mwezi uliofuata ilikuja na uniti 19. Bado ilizidi kile tulichokuwa tunalipa kule kwenye kodi, na dada alikuwa amekwisha itengea fungu lake kwenye bajeti bila kulalamika. Aliibandika kwenye mlango wa jokofu. Shemeji aliisoma akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema naona sasa watu wanaoga vizuri. Kisha macho yake yakashuka kwenye daftari lililokuwa limeachwa wazi kaunta, kwenye ukurasa wenye wino mwekundu. Akasoma kwa muda.

"Shem," akasema mwishowe, "ile ndoo yako unaitumia sasa hivi?"

Nikamwambia ipo bafuni, aichukue tu.