Leo utanijua

Nilikuwa mwendesha mashtaka katika kesi ya mauaji, na shahidi wangu wa pili alikuwa mama muuza mboga kutoka Kariobangi, Nairobi. Alikuja amefunga leso mpya kichwani, akala kiapo, na nilipomuuliza alimsikia mshtakiwa akisema nini usiku ule, hakusita: "Alimwambia kijana, 'Leo utanijua mimi ni nani.'"

Karani akatafsiri, jaji akaandika, nami nikahisi tumbo likinikaza. Rekodi ya mahakama huandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza maneno yale yakawa ya mtu anayejitambulisha kwa mgeni. Kila aliyekuwa kwenye viti vya nyuma alijua maana yake. Karatasi ndiyo haikujua.

Si jambo dogo. Kifungu cha 203 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinataka nithibitishe kwamba mtu alikufa, kwamba aliyemuua ni huyu, na kwamba aliua akiwa na dhamira ovu. Hiyo dhamira, iliyoelezwa katika kifungu cha 206, ndiyo inayotenganisha mauaji na kuua bila kukusudia. Mawili ya kwanza sikuwa na wasiwasi nayo. Daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti alishaeleza jeraha la kifua. Utetezi ulikuwa umesimama palepale penye dhamira: walikuwa wamelewa, waligombania deni la shilingi 800, hasira zikapanda.

Nikasimama. "Mheshimiwa, naomba shahidi aeleze maneno hayo yana maana gani."

Wakili wa utetezi akapinga kwamba shahidi hawezi kusema kilichokuwa moyoni mwa mtu mwingine. Alikuwa na haki ya kupinga, na jaji akamkubalia. Nikabaki nimesimama, nikitafuta swali jingine. Nawaambia mawakili wachanga wanaonisoma hapa: sekunde zile ni ndefu.

"Mama, uliposikia maneno hayo, ulifanya nini?"

"Nilimshika mtoto wangu mkono tukakimbia nyumbani. Sukumawiki niliziacha mezani, na pesa za mauzo nikaziacha kwenye mkebe."

Jaji akaacha kuandika, akamtazama. Kisha akaandika jibu lote. Hapakuwa na pingamizi, maana mama alikuwa anaeleza alichokitenda yeye mwenyewe.

Kitu cha pili kilichonisaidia kilikuwa njia. Mshtakiwa hakuwa na kisu walipoanza kugombana. Aliondoka, akaenda chumbani kwake, akarudi nacho. Kabla kesi haijaanza nilimwomba afisa mpelelezi anipeleke tutembee njia ile. Tulipita kando ya mtaro, tukavuka barabara ya vumbi, tukapanda ngazi hadi orofa ya pili, kisha tukarudi tulikotoka. Dakika 11, kwa mwendo wa kawaida. Afisa alipotoa ushahidi, nilimtaka aieleze njia hiyo hatua kwa hatua, pamoja na ngazi, kwa sababu mtu anayepanda ngazi kuchukua kisu kisha akashuka nacho amepata nafasi ya kutulia, na hakuitumia.

Kesi ilichukua karibu miaka mitatu. Mama ya marehemu hakukosa hata siku moja, hata siku ambazo kesi ilitajwa tu bila kusikilizwa. Mara moja alinishika mkono kwenye korido akaniuliza, "Mwanangu, mbona huyu analala kwake, na wangu amelala udongoni?" Nilimweleza kwamba Katiba ya 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana, hata wa mauaji, isipokuwa pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Naiamini sheria hiyo. Lakini kumwelezea mama aliyemzika mwanawe ni kazi nyingine kabisa, na siku hiyo sikuweza kula chakula cha mchana.

Jaji alimpata na hatia ya mauaji. Katika hukumu alizitaja zile ngazi, na pia mboga zilizoachwa mezani.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2017, adhabu ya kifo si ya lazima tena kwa mauaji, hivyo mahakama humsikiliza kila upande kabla ya kutoa adhabu. Mama ya marehemu alipewa nafasi. Nilikuwa nimemsaidia kuandaa taarifa ya kurasa mbili, lakini aliikunja, akasema tu kwamba kijana wake ndiye aliyekuwa akimlipia kodi ya nyumba, na kwamba bado hupika chakula cha watu wawili. Mshtakiwa akafungwa miaka 25.

Nje mama ya marehemu alinisubiri. Hakuuliza habari za ile miaka. Alitaka koti la mwanawe, lile la buluu lililotolewa mahakamani kama kielelezo. Nikamwambia avumilie siku 14, kwanza tuone kama kutakuwa na rufaa.

Ilani ya rufaa iliwasilishwa siku ya 12. Nilimpigia simu mwenyewe kumwambia. Koti bado limo kwenye mfuko wa kaki, na kila anaponipigia huniuliza kama limekunjwa vizuri.