Isnadi ya Peugeot Kuukuu

Tangu ijulikane hapa Malindi kwamba nina mazoea ya kufuatilia asili za magari ya zamani ya mashindano, nimeitwa kwenye gereji, yadi na mashamba, kuanzia Maweni hadi ng'ambo ya mto Sabaki kule Mambrui, na karibu kila mwenyeji hunipokea kwa dai lile lile: gari lake liliwahi kuendeshwa na Joginder Singh, yule bingwa wa mbio za magari za Safari. Likiwa na matundu yasiyoeleweka kwenye madigadi, ni la Joginder. Likiwa ni Datsun, basi ni la Shekhar Mehta, bingwa mwenzake. Kama yote anayopewa Joginder yangekuwa yake kweli, marehemu asingepata hata nafasi ya kushuka akanywa chai.

Madai hayo yana chimbuko. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari Rally, na kuanzia 1973 zikahesabiwa katika ubingwa wa dunia. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huweza kugeuza barabara ya vumbi kuwa bahari ya tope kwa muda wa saa moja. Joginder alishinda mara tatu: mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Majina hayo mawili yaliingia vinywani mwa watu yakakaa, na ya wengine yakapotea.

Lakini hebu tutazame hesabu kwa utulivu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Maana yake ni kwamba katika mwaka huo mmoja wa 1968 magari 86 yaliishia njiani, yakiwa yamevunjika springi, yamezama kwenye tope au yamepinduka. Mengi ya magari ya namna hiyo hayakutupwa. Yalivutwa, yakanyooshwa, yakauzwa na kurudi kwenye kazi za kawaida za kubeba watu na mizigo. Ukikuta bodi ya gari la mashindano chini ya mwembe katika pwani hii, uwezekano mkubwa ni kwamba ni mojawapo ya hayo yaliyoshindwa, na binafsi naona hiyo ni habari njema, kwa sababu nitakayoieleza.

Magari ya timu za viwanda ni magumu sana kuyafuatilia. Timu ilikuja na magari ya mbio, magari ya mazoezi na magari ya mafundi, yote ya aina moja na mara nyingi ya rangi moja. Bodi ikipondeka kwenye mazoezi, injini na gia zake ziliweza kuhamishiwa kwenye bodi nyingine. Timu za Ulaya zilizoea hata kuhamisha namba za usajili kutoka gari moja hadi jingine, kwa kuwa hati ya forodha ya kuingiza gari nchini kwa muda hutaja namba ya usajili na namba ya chesisi, na gari lililoandikwa kwenye hati ndilo linalotakiwa kuonekana likitoka. Kwa hiyo picha ya mwaka fulani yenye namba fulani haithibitishi peke yake kwamba bodi uliyo nayo ndiyo iliyopigwa picha.

Dereva wa hapa nyumbani, aliyeingia mbioni kwa fedha zake mwenyewe au kwa msaada wa wakala wa magari wa Nairobi, kwa kawaida alikuwa na gari moja, lililolipiwa ushuru, lenye logbuku moja. Alilikimbiza Pasaka na Jumatatu iliyofuata akalipeleka kazini. Historia yake haina makuu, ila inafuatika.

Yapo magari ya ushindi ambayo hayana utata, nayo ni yale ambayo kiwanda kiliyahifadhi. Datsun 240Z ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mwaka 1971 liko Zama, Japani, katika hazina ya magari ya Nissan, na mibonyeo yake ya Safari haikunyooshwa. Anayekwambia gari hilo liko kwa mjomba wake Kilifi, mshukuru kwa chai uende zako. Volvo ya Joginder ya mwaka 1965 inafundisha jambo jingine: wakati yeye na nduguye Jaswant wanaipata, ilikuwa gari kuukuu tayari, iliyoachwa hapa baada ya kutumiwa na timu ya Volvo katika mbio za mwaka uliotangulia. Hata mshindi, kumbe, alikuwa na maisha ya kabla ya ushindi, na mwenye kulichunguza gari la 1965 hana budi kuanzia 1964.

Kwa sasa ninashughulika na Peugeot 404 moja iliyo mtaa wa Shela hapa mjini. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe aliinunua Mombasa akaitumia kubeba abiria baina ya Mombasa na Malindi, siku zile Kilifi ilipovukwa kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Mumewe alikuwa akisema gari hilo "lilikimbia Safari", na hakuongeza neno. Peugeot 404 ilishinda mara nne: mwaka 1963 na 1968 ikiwa mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 ikiwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Bila shaka watoto wa mama huyu wameshachagua ni ipi kati ya hizo nne.

Mimi huanza na bati. Kibao cha alumini chenye namba ya chesisi hakinitoshelezi, kwa kuwa hushikiliwa na ribiti, na ribiti hung'olewa. Kwanza naangalia kama ribiti zenyewe ni za kiwandani au ni zile za kupachika kwa koleo la mkono, zenye tundu katikati. Namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe ina uzito zaidi. Katika gari hili chumvi ya bahari ilikuwa imeila hata haisomeki kwa macho, na fundi kijana aliyekuwa akinisaidia alikuwa ameshashika msasa. Nilimzuia. Nilipaka mafuta mepesi, nikafuta kwa kitambaa, nikasugua chaki nyeupe ikaingia kwenye mikwaruzo, kisha nikamulika tochi kwa ubavu, si kwa juu, na tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine isipokuwa mbili za mwisho. Msasa ungezimaliza zote. Kwa faida ya wenye wasiwasi zaidi, namba iliyofutwa kwa makusudi bado huweza kusomwa na wataalamu wa uchunguzi kwa kutumia asidi, maana pigo la muhuri hukibana chuma hadi chini ya pale panapoonekana. Lakini hilo si jambo la kujaribia uani kwa mtu.

Baada ya namba nilitafuta alama ambazo mtu hawezi kuwa na sababu ya kuzighushi. Kwenye madigadi ya mbele kulikuwa na matundu mawili kila upande, yaliyozibwa kwa shaba na kufunikwa pati, mahali ambapo magari ya Safari yalifungwa taa za ziada. Taa zingeweza kufungwa na yeyote, na wenye teksi nao hupenda taa. Kilichonifanya nikae chini ni tundu jingine, dogo, lililopenya sakafu upande wa abiria, lenye pete ya mpira iliyokauka, na juu yake chini ya dashibodi alama za skrubu nne. Hapo ndipo palipofungwa Halda, kile kifaa cha Kiswidi cha kuhesabu masafa ambacho msoma ramani alikitumia kujua amefika wapi, kikizungushwa na waya uliotoka kwenye gia. Mwenye teksi hana haja ya Halda, na mtu wa kughushi hujishughulisha na rangi na stika, hakumbuki kutoboa sakafu.

Kisha mlango wa kushoto. Nilimwomba mama ruhusa ya kufungua dirisha dogo la ukubwa wa kiganja kwenye rangi, kwa msasa laini sana na maji, hatua kwa hatua. Juu palikuwa na buluu, chini yake krimu, chini yake krimu nyingine iliyokomaa zaidi, halafu nyeupe, na juu ya ile nyeupe ukatokea upinde wa rangi nyeusi, mnene kama vidole viwili, unaopinda chini kuelekea kushoto. Ni sehemu ya chini ya tarakimu: huenda 3, huenda 5, huenda 8. Haiwezi kuwa 1, 4 wala 7. Orodha za washiriki zilichapishwa kila mwaka kwenye kijitabu cha mashindano na magazetini, na ukichukua magari ya Peugeot 404 peke yake, yenye namba inayoishia kwa tarakimu hizo, wanaobaki ni wachache. Hapo ndipo ninapopenda kazi hii.

Upande wa karatasi hauna mengi. Logbuku ya zamani ipo, imeliwa na mende pembezoni, na jina la marehemu ni la tatu. La pili ni kampuni ya usafirishaji ambayo haipo tena. La kwanza limelowa, limebaki neno moja na mwaka.

Kuhusu ushahidi wa mdomo, wazungu wengi wa fani hii huudharau, nami sikubaliani nao. Wazee waliojifunza kanuni za mabishano ya kitaalamu kwa kusoma hadithi za Mtume wanajua kwamba swali la kwanza si "imesemwa nini?" bali ni "umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani?" Isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa habari, ikikatika, habari hudhoofika; isnadi ikiwa timamu, hata mpokezi mmoja huzingatiwa. Nilikwenda kwa fundi mstaafu aliyekuwa akilitengeneza gari hili enzi za feri. Sikumwambia nimeona nini. Nilimuuliza tu kama anakumbuka kitu chochote kigeni ndani yake.

"Mwanangu," akasema, "lile gari liliniudhi. Kila nikishusha gia nakuta kidude kimechomekwa pale waya wa spidi unapoingia, chenye midomo miwili. Nikamwambia tajiri, mmoja huu hauna kazi. Nikautoa."

Kidude chenye midomo miwili ndicho kilichogawa mzunguko baina ya spidi na Halda. Mzee hakujua jina lake wala kazi yake, na ndiyo maana ninamwamini.

Kuna kesi moja iliyoamuliwa London mwaka 1990 ambayo kila mwenye gari la namna hii angefaa kuijua. Ilihusu Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena 1930. Gari hilo lilibadilishwa vipuri mwaka hadi mwaka, likapata ajali kwenye kiwanja cha mbio cha Brooklands, Uingereza, mwaka 1932 iliyomuua dereva wake, Clive Dunfee, likajengwa upya kwa bodi ya aina nyingine. Mnunuzi alikuwa amekubali kulilipia pauni milioni 10, kisha akakataa, akidai kwamba karibu hakuna kilichobaki cha gari lililoshinda. Jaji Otton aliona kwamba ni kweli kilichobaki ni kidogo mno, lakini gari hilo halikuwahi kutoweka na jingine likachukua nafasi yake; lilibadilika huku likiendelea kuwepo, hatua kwa hatua, na kila hatua inajulikana. Mwenye gari akashinda. Huo ni uamuzi ambao mpokezi wa hadithi angeuelewa mara moja.

Fedha ndizo zinazoharibu mambo. Ferrari 250 GTO yalitengenezwa 36 tu, na mojawapo liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Bei za namna hiyo hazitafika Shela, ila harufu yake imefika. Mtu mmoja kutoka nje amekwishamwendea mama akitaka kulinunua gari, alipake rangi upya na kuliandika namba ya mshindi wa 1968. Sina ugomvi na magari yaliyojengwa upya kwa mfano wa ya zamani. Mengi yanayokimbia katika Safari Classic, mbio za magari ya zamani, ni ya namna hiyo, na hata hati ya kiufundi inayotolewa na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwa magari ya kihistoria hueleza muundo wa gari tu, haidhamini historia yake. Mradi aliyelijenga aseme amelijenga.

Mama aliniuliza, "Kwa hivyo baba watoto hakusema uwongo?" Nikamwambia hakusema, na kwamba kwa ushahidi uliopo naweza kuandika hivi: Peugeot 404 iliyoandaliwa kwa mashindano, iliyobeba namba mlangoni, ikauzwa kwa kampuni ya usafirishaji, ikanunuliwa na marehemu. Kwamba ilimaliza, siandiki. Gari la mazoezi lisingekuwa na haja ya namba mlangoni, kwa hiyo hilo nimeliondoa. Amekubali lisipakwe rangi, na lile dirisha la mlangoni tumelipaka mafuta ya nta ili chumvi isiliguse. Tumelisogeza pia kutoka upande wa bahari hadi nyuma ya jiko.

Hatua inayofuata ni kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, kupitia magazeti ya Pasaka ya kila mwaka wa muongo wa 1960, nikitazama milango ya kushoto. Na ikiwa nyumbani kwenu kuna picha za enzi hizo, za mbio zikipita Mombasa, Voi au kwingineko, tafadhali msizikate pembeni ili zienee kwenye fremu, maana namba ya gari mara nyingi huwa ukingoni, na mahali na mwaka huandikwa nyuma.